Baragumu Ndani ya Santuri

Mara ya kwanza Beatha Zebedayo alipokuja kibandani kwangu nilimfukuza. Sitamung'unya maneno. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jua la Same lilikuwa limenikalia utosini, na nilikuwa nimechoshwa na watu wanaoniletea redio zilizokwisha kufa wakidhani mimi nafufua. Yeye hakuwa na redio. Alisimama mlangoni na begi la shule mgongoni, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, akasema:

"Shikamoo fundi. Naomba unitengenezee kinasa sauti cha kuzamisha kwenye mfereji."

"Marahaba. Mfereji gani?"

"Wa kwetu Suji. Nataka kurekodi maji yakiwa chini, siyo yakiwa juu."

Nikamwambia wanaorekodi maji wanahudumiwa hospitali, aendelee na barabara moja kwa moja. Akasema asante, akaondoka. Kesho yake alirudi saa ile ile, akasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kana kwamba jana haikuwapo. Mimi ni Mpare wa Hedaru, najua Mpare akishika jambo lake habanduki. Nikachukua kipaza sauti cha simu ya zamani ya mezani, nikakivika mpira wa baiskeli, nikakiunga kwenye waya wa mita kumi. Hakikuwa kitu cha kujivunia. Beatha alikipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga, na tangu siku ile nikawa fundi wake, nipende nisipende. Jina langu ni Abubakari, lakini yeye hajawahi kuniita hivyo hata siku moja.

Watu wengi wa Same wanamfahamu kwa sura tu. Ni yule dada wa steshenari ya karibu na stendi, anayetoa fotokopi, anayepiga picha za pasipoti, anayewaandikia vijana barua za kuomba kazi ambazo hawazipati. Alimaliza kidato cha nne, akashuka mjini, akapanga chumba, na kila Ijumaa jioni akapanda mlima kwenda kwa wazazi wake. Hakuna aliyejua kwamba wateja wakiisha huvaa spika za masikioni na kutengeneza muziki kwa kompyuta. Programu yenyewe aliikuta kwenye flashi aliyoisahau mteja. Alijifundisha peke yake, kitufe kimoja kimoja, kwa miaka mitatu.

Na muziki gani? Hapo ndipo tulipokuwa tukigombana. Hakuna anayeimba. Hakuna gitaa. Kuna mashine ya kusaga ya Hedaru, malori yakipunguza gia, maji ya mfereji, mlango wa duka ukishushwa, vyote amevikata na kuvishona upya mpaka vinatembea kwa mdundo. Siku aliyonisikilizisha nilimuuliza lori hilo linaumwa nini.

"Sasa watu watacheza nini hapa?"

"Si lazima wacheze, fundi."

"Muziki usiochezwa ni wa kazi gani?"

"Wa kusikiliza. Wewe si unaisikiliza redio mbovu siku nzima ujue inaumwa wapi? Basi hivyo hivyo."

Nilikuja kuupenda muziki wake, ila polepole, na sikumwambia.

Baba yake, mzee Zebedayo, alikuwa mpiga baragumu wa upande wao wa Suji. Kwa asiyejua mambo ya kwetu mlimani, nieleze. Mashamba ya kule yananyweshwa kwa mifereji, na mifereji inatoka kwenye ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji. Ndiva ikijaa tope, au mfereji ukibomoka, kila nyumba inatoa mtu aende msaragambo, kazi ya wote isiyo na malipo. Anayewaita ni mpiga baragumu. Lake lilikuwa pembe ya tandala, refu kama mkono wa mtu, jeusi kwa kushikwa. Akilipiga mara moja, mlio mmoja mrefu usiokatika, watu wanajua kesho asubuhi ni majembe. Akilipiga kwa vipande, mfupi, mfupi, mfupi, basi ni msiba au janga, na hapo mtu anaacha hata chungu jikoni na kukimbia. Hapakuwa na mlio wa tatu.

Mzee yule alikuwa na pumzi ya kutisha. Niliwahi kulisikia baragumu lake nikiwa napanda na gari la mkaa, bado tuko mbali chini, na dereva akazima redio bila kuambiwa. Siku hizi msaragambo unaitwa kwa kundi la WhatsApp, nusu ya watu wanajibu kwa kidole gumba kisha hawaendi. Nikilifikiria hilo nakasirika.

Beatha alimrekodi baba yake kwa miezi minne, asubuhi kabla ukungu haujaondoka, ukingoni mwa ndiva. Mzee alikuwa ameanza kuumwa kifua, na wote wawili walijua wanachokifanya, ingawa sidhani walisemezana. Mlio bora kuliko yote aliupata mwezi wa tisa: sekunde kumi na nane kwa pumzi moja, bila kutetereka. Mwezi wa kumi na moja tukamzika. Siku ya mazishi Eliufoo, jirani yao, alijaribu kulipiga baragumu lile kwa vipande kama desturi inavyotaka. Lilitoa upepo tu, na aibu ikamfanya alitundike haraka kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

Miezi mitatu baadaye mama yake, Ernesta, alimwambia jambo wakiwa wanachambua maharage. "Sura ya baba yako naiona," alisema. "Hata mikono yake naiona. Sauti ndiyo inanikimbia. Nikiitafuta inakuja ya mtu mwingine." Beatha alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni pangu, hakutaka kukaa. Sauti ya baba yake ilikuwa kwenye kompyuta. Angeweza kupanda nayo mlimani Ijumaa ile ile, akambonyezea mama yake kitufe, yakaisha. Hakufanya. Alikuwa ameshaanza kuutia ule mlio ndani ya muziki wake, na alitaka mama asikie kitu kilichokamilika, kitu cha kushikwa mkononi. Nami nilimuunga mkono. Nilimwambia mgeni haandaliwi ugali mbichi. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana mbichi ungemtosha yule mama.

Sasa kuhusu santuri. Mwaka mmoja kabla ya hapo Beatha alikuwa ameweka kipande cha muziki wake mtandaoni, bure, kila mtu asikie. Siku moja yuko stendi anasubiri gari akasikia mashine yake ya kusaga ya Hedaru inatoka kwenye televisheni ya mgahawani, inatangaza magodoro. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemtaja. Alikuja kwangu amewaka hasira, akaapa kwamba kitu chake hakitaingia mtandaoni tena mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo bwana mmoja wa ng'ambo alipomwandikia, mtu anayechapa santuri za wanamuziki wa kompyuta wasio na kampuni, mia tatu mia tatu, na kuziuza kwa wapenzi wa mambo hayo, Beatha aliona Mungu amemjibu.

Mimi nilicheka. Santuri niliziona mara ya mwisho kwenye mgahawa wa marehemu baba yangu Hedaru, na gramafoni yake ya umeme iko juu ya kabati langu mpaka leo, imefunikwa kanga. Beatha hakucheka. Aliiangalia ile gramafoni jinsi watu wanavyoangalia nyumba wanayotaka kununua.

Mkataba aliuandika mwenyewe pale steshenari, kurasa nane. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tutauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, na sikatai. Kifungu cha kumi na moja kilisema muziki huu utatoka kwa santuri tu, hautawekwa mtandaoni kamwe, na santuri zikishachapwa mchapishaji atafuta mafaili yote na kuthibitisha kwa maandishi. Yule bwana akasaini. Nikampigia Beatha makofi hapo hapo kibandani. Nikasema, hapo umewakomesha.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata umeme ulikatika mji mzima, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta yake ikaungua pamoja na diski ya akiba aliyokuwa ameichomeka humo humo. Simuni mwake rekodi zile alishazifuta zamani kupata nafasi. Nilikaa na mzoga wa kompyuta ile siku tatu, kisha nikamwambia hapana. Katika kazi hii nimewaambia watu hapana mara elfu, na sijaona mtu akiipokea kwa utulivu kama yeye.

"Si kitu, fundi," alisema. "Zimeshachapwa. Ziko njiani. Santuri haiungui na umeme."

Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu akikosa la kusema hutoa methali.

Boksi lilifika Aprili, katikati ya masika. Santuri ishirini, fungu la mwenye muziki. Nyingine mia mbili na themanini zilishachukuliwa na wanunuzi wa huko. Alilileta kwangu kabla ya kulipeleka popote. Jaladani palikuwa na picha ya mikono ya mzee Zebedayo imeshika baragumu, mikono tu, na kucha zake zenye udongo. Nikamwambia alete tujaribu. Mkanda wa gramafoni ulikuwa umekatika, lakini nilijua wa cherehani ungefaa kwa dharura. Akakataa katakata.

"Mama kwanza," akasema. "Sitaki sikio lingine limtangulie. Hata langu."

Tukakubaliana: nitafute mkanda mzuri na sindano, Jumamosi ya wiki ijayo tupande wote. Ila boksi alitaka lifike nyumbani mapema, mama aione ile picha, akae nayo. Akapanda nalo Jumapili kwa bodaboda. Mvua ikawakuta njiani, mvua ya kwetu ya masika isiyo na adabu, na nailoni aliyolifunikia ikachanika. Alipofika, majalada yalikuwa yamelowa na kuvimba. Santuri zenyewe hazikuwa na neno, plastiki haijali maji. Lakini Jumatatu alitakiwa kazini, gari la kushuka lilikuwa linapiga honi, na alichomwambia mama yake kilikuwa maneno matatu.

"Mama, ziache zikauke."

Nani wa Suji asiyejua kukausha? Kule juu ukungu unalala hadi ndani ya masanduku. Maharage yanaanikwa, kahawa inaanikwa, vitabu vya nyimbo za kanisani vinaanikwa. Ernesta alingoja jua tangu Jumatatu. Jumatano likatoka, kali, kama linavyotoka baada ya mvua. Akatandika bati uani, lile lile la kahawa, akatoa santuri moja moja, akaifuta kila moja kwa kanga safi, akazipanga. Alikaa nazo mchana kutwa akifukuza kuku. Kila baada ya muda alizigeuza, upande huu na upande huu, jinsi maharage yanavyogeuzwa yasikauke upande mmoja. Alasiri zilikuwa zimelegea na kujikunja kingo kama chapati. Hajapata kuona santuri maishani mwake, atajuaje? Alizipanga tena boksini, kitambaa katikati ya kila moja, akalala na furaha.

Jumamosi tulipanda na gramafoni ya baba yangu na spika yangu kubwa ya kukodisha harusini. Ile spika ilikuwa wazo langu. Beatha alisema anatamani baragumu litoke kubwa kama lilivyokuwa enzi za uhai wa mwenyewe, nami nikasema hilo niachie mimi. Njia nzima alikuwa anaongea, yeye ambaye ukimsikia ameongea sentensi tatu kwa siku ameongea sana. Alikuwa na haya, kama anampeleka mchumba nyumbani.

Ernesta alikuwa amevaa gauni la kanisani. Makande yalikuwa jikoni, harufu imejaa uani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, fundi. Karibu, karibuni. Beatha, nimezikausha zote. Jua lilitoka Jumatano, nikazigeuza pande zote mbili."

Beatha alilifungua boksi. Mimi nilikuwa nyuma yake na waya begani, nikaona shingo yake kabla sijaona santuri. Ilikakamaa. Alitoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akawa anazirudisha taratibu sana, kama zinaweza kuumia zaidi. Nilitaka kupiga kelele. Akanigeukia, uso hauna damu, akanong'ona, "Usimwambie, fundi. Nakuomba." Kisha akasema kwa sauti, "Zimekauka vizuri, mama. Asante."

Iliyopona kidogo ilikuwa moja. Nadhani ilikuwa pembeni mwa bati, kwenye kivuli cha mgomba. Ilikuwa na mwinuko upande mmoja, lakini ilikaa kwenye gramafoni. Ningepaswa kusema basi, tuache, tutafute nyingine ng'ambo. Ernesta alikuwa ameshakaa, kiti kimeelekea spika, mikono mapajani, miguu imekaa pamoja. Alikuwa ameingoja sauti ile mwaka na nusu. Nikaweka sindano.

Yalianza maji. Yale maji ya chini, kwa kinasa changu cha mpira wa baiskeli, na sitaki kusema uongo, yalikuwa mazuri. Kisha mzee Zebedayo akavuta pumzi, ukamsikia kabisa akivuta, na baragumu likaanza. Sekunde ile ya kwanza ilikuwa yeye. Ernesta aliinuka kutoka kitini kama aliyeshikwa mkono.

Santuri ikazunguka hadi palipoinuka. Sindano ikaruka, mlio ukakatika. Ikatua, mlio ukarudi. Ikaruka tena. Mimi mjinga nikatoa sarafu mfukoni nikaiweka juu ya kichwa cha sindano, ujanja wa baba yangu wa Hedaru, ili izame isiruke. Ikazama kweli, ikakwama pale pale, ikawa inarudia mzunguko mmoja. Ule mlio mmoja mrefu ukawa vipande. Mfupi. Mfupi. Mfupi. Spika ya harusi ikaushusha bondeni kote.

Beatha alielewa kabla yangu. Alijirusha kwenye waya wa umeme akaung'oa ukutani. Alikuwa amechelewa. Nje nikasikia miguu.

Eliufoo alifika wa kwanza, tope hadi magotini, hana shati. Nyuma yake wanawake wanafunga kanga viunoni, wazee wanatweta, na wengine wameanza kulia wakiwa bado njiani. Hakuna aliyekuwa amelisikia baragumu lile tangu mpigaji wake azikwe, na miguu ilikuwa haijasahau.

"Mama Beatha, ni nani?" Eliufoo aliuliza. "Nani ametutoka?"

Ernesta alikuwa bado amesimama. Uso wake haukuwa na hofu, na hilo ndilo linalonijia nikilala.

"Ni Zebedayo," alisema. "Anaita."

"Anamwita nani?"

Watu wakatazamana, mwanamke mmoja akapiga ukelele, na mimi nikapandwa na hasira yangu ya siku zote, hasira ya mtu aliyeaibika. Nikapaza sauti: "Hakuna msiba hapa! Hakuna aliyekufa! Ni santuri imepinda, imeanikwa juani kama maharage, basi! Rudini makwenu!"

Beatha alinitazama. Sitausahau mtazamo ule mpaka naingia kaburini, na sistahili kuusahau.

Ernesta aliliangalia boksi, kisha akaiangalia mikono yake, pande zote mbili. "Mimi ndiye niliyeanika," akasema.

"Si wewe, mama. Ni mvua. Ni mimi niliyekuambia."

"Niliziona zinajikunja. Nikadhani ndivyo zinavyokauka."

Watu hawakurudi makwao. Kwa desturi yao, ukiitwa na baragumu la msiba huondoki bila kukaa na wenye nyumba, na hapakuwa na aliyejua desturi inasemaje kuhusu msiba usio na maiti. Wakakaa. Wakaletewa yale makande. Mzee mmoja akaomba sala fupi, bila kutaja jina la mtu. Nilifunga vitu vyangu nikashuka peke yangu, maana Beatha hakuniaga.

Kazi iliyofuata aliifanya yote kwa maandishi, kama kawaida yake. Alimwandikia yule mchapishaji. Jibu lilikuja na karatasi yenye saini na tarehe: kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, mafaili yote yalifutwa. Bwana yule alikuwa mwaminifu, na sijawahi kuuchukia uaminifu wa mtu kiasi kile. Akaahidi kuwaandikia wanunuzi mmoja mmoja, kuwaomba warekodi upya kutoka santuri zao. Majuma yakapita. Watu wa huko wana shughuli zao. Mwisho wa Juni mmoja akatuma.

Beatha alikuja nayo kwenye simu. Alikuwa hajaniongelesha tangu Aprili. Aliiweka simu juu ya meza yangu katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, akabonyeza, na mzee Zebedayo akavuta pumzi na kupiga sekunde kumi na nane, mlio mmoja mrefu usiokatika, na nyuma yake mashine za binti yake zikaingia taratibu, moja baada ya nyingine, kama watu wanaokuja na majembe. Nililia. Nilimwambia sasa kwamba ni muziki mzuri. Akasema, "Nimechelewa gari," akakimbia.

Ernesta hakutaka kusikia. Tangu siku ile ya Aprili alikuwa ameacha shamba. Mbegu za maharage alimpa mke wa Eliufoo, zote, hata za akiba. Alifagia chumba, akakunja nguo zake, akakaa mlangoni chini ya lile baragumu. Hospitali walisema ni presha, wakampa vidonge, akavimeza kwa adabu. Sijui ni lipi lililomlaza: kuamini kwamba mumewe amemwita, au kujua kwamba sauti aliyoingoja ameiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Lile la pili ni mimi niliyempa.

"Mama, huu ndio wenyewe," Beatha alimwambia. "Mlio mmoja. Ni wa msaragambo. Hakukuita. Sikiliza, nakuomba."

"Nimeshamsikia, mwanangu."

"Ulisikia santuri mbovu, mama!"

"Nimemsikia," alisema, akajifunika kanga masikioni. Beatha aliuacha ulie hadi mwisho, simu iko juu ya paja la mama yake, na mama yake amekaa vile vile, amefunika masikio, anatazama ndiva.

Ernesta alikufa Agosti, siku ya msaragambo, watu wakiwa mfereji wa juu.

Beatha bado yuko pale steshenari. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti. Kompyuta mpya ya ofisi ina ile programu, nilimwekea mwenyewe bila kumuuliza, na hajaifungua. Kinasa cha mpira wa baiskeli alikirudisha, akakiweka mezani pangu pamoja na waya wake wa mita kumi umeviringwa vizuri. Yule mchapishaji anamwandikia kwamba santuri inapendwa, watu wanaulizia nyingine. Najaribu kuzifikiria hizo nyumba mia mbili na themanini. Mzee Zebedayo anaita watu kazini katika kila moja, kwa pumzi yake yote, na hakuna anayetoka na jembe.

Siku tuliyomzika Ernesta nilipanda, nikakaa nyuma kabisa. Mvua haikuwapo, jua lilikuwa kali. Baragumu lilikuwa kwenye msumari wake, na nilingoja nione nani atalishika. Hakulishika mtu. Jeneza lilipotoka nilimsogelea Eliufoo, nikamuuliza kwa sauti ya chini mbona halipigwi.

"Lilishapigwa, fundi," alisema. "Ulilileta wewe."